Fundi wa ruta pale Mwanga, Kigoma: kazi safi

Mwezi mzima bando la intaneti la nyumbani kwangu Gungu lilikuwa linaisha kabla ya wakati. Nikadhani ni watoto na katuni zao. Nikampelekea ruta, kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi, fundi kijana mwenye kibanda karibu na soko la Mwanga, akasema, "Mama, hii tuiangalie ikiwa nyumbani." Akaja jioni ileile kwa bodaboda.

Alifungua 192.168.1.1, yaani ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwenye simu yangu, akanionyesha orodha ya vilivyounganishwa: vifaa 11. Sisi tuna 4! Neno la siri la Wi-Fi lilikuwa lilelile la kwenye stika chini ya ruta, na kila mgeni aliyewahi kuipiga picha alikuwa nalo.

Kilichonifurahisha, hakugusa kitu kabla ya kunieleza. Alianza na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, ambalo bado lilikuwa "admin". Akazima WPS (njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN), akaweka ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2, maana simu ya mama mkwe ni ya zamani na WPA3, ulinzi mpya zaidi, peke yake ingeikataa. Neno jipya la Wi-Fi akataka nilitunge mwenyewe, maneno manne yasiyohusiana, na nilipokuwa naandika yeye akageukia dirishani. Hapo ndipo nilipomwamini. Wageni akawatengea mtandao wao.

Kasoro: aliahidi saa kumi na moja akafika saa moja usiku, na programu ya ruta hakuisasisha mpaka nilipomkumbusha. Nimelipa shilingi 15,000. Bando sasa linafika tarehe yake.