Tumemfukuza Carmen Sandiego mpaka Moroni: uzoefu wangu na gemu la mwaka 1985

Mpwa wangu yuko darasa la sita na ameshaapa kwamba jiografia ni somo la kukariri tu. Sikubishana naye. Nilimfungulia Where in the World Is Carmen Sandiego?, gemu la kuwasaka wezi duniani kote wakiongozwa na Carmen, la kampuni ya Brøderbund lililotoka Marekani mwaka 1985, enzi za disketi na kompyuta za Apple II. Sisi tulicheza toleo la DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, ndani ya kivinjari. Picha zina vipembe vipembe, rangi ni za kuhesabu, na sauti ni kama mlio wa saa ya mkononi. Mwanzo kijana alicheka mpaka akakohoa. Baada ya saa mbili alikuwa ametandika atlasi sakafuni, hataki kusikia habari za chakula.

Kisa chenyewe ni kifupi ajabu. Unaandika jina lako, kisha shirika la upelelezi la Acme linakuletea taarifa: hazina fulani imeibwa katika mji fulani, aliyeonekana ni mwanamume au mwanamke, mkamate kabla ya Jumapili saa 11 jioni. Kazi inaanza Jumatatu saa 3 asubuhi. Hakuna utangulizi mrefu wala mazungumzo ya kubofya bofya mpaka usinzie. Hadithi yote iliyobaki unaishona mwenyewe kwa maneno ya mashahidi. Kila mji una sehemu tatu za kupeleleza, labda benki, hoteli au maktaba. Huyu atakwambia mtu wako amebadilisha fedha kuwa yeni, yule atakutajia rangi za bendera ya ndege aliyopanda. Kila swali linakula saa, safari ya ndege inakula saa nyingi zaidi, na usiku ukiingia unalala utake usitake.

Ukikosea mji, hakuna anayekukaripia. Mashahidi wanasema tu hawajamwona mtu wa namna hiyo, na saa zako zimeshakwenda. Ukipatia, kijitu cha kutilia shaka kinapita kwenye skrini kikinyata. Mimi nafundisha watoto jioni, na nakiri kile kijitu kinawapa hamu kuliko "hongera" zangu zote.

Kilichotuuma ni hati ya kukamatia. Washukiwa ni kumi, Carmen akiwemo, na kila mmoja ana faili: nywele, mchezo anaoupenda, gari, kitu cha kumtambulisha. Ukiokota dokezo kuhusu mwizi unalijaza kwenye kompyuta ya upelelezi, na majina yakibaki moja unapewa hati. Kesi yetu ya tatu tulimfikia mwizi Jumamosi, siku nzima mkononi.

"Mjomba, si huyo! Mkamate!"

Hatukuwa na hati, kwa hiyo aliachiwa mbele ya macho yetu. Kijana alinuna kama kaibiwa yeye.

Zamani gemu liliuzwa pamoja na kitabu kinene cha almanaka, yaani cha habari na takwimu za dunia, na kupanda cheo kulidai jibu la swali kutoka humo. Ilikuwa pia mbinu ya kuwabana walionakili disketi. Ukicheza leo bila kitabu, weka atlasi karibu. Bila kitu cha kupekua, linabaki gemu la kubahatisha.

Kasoro zipo. Baada ya kesi saba au nane mtindo ni uleule, na mashahidi wanaanza kurudia semi zao. Dunia yake pia ni ya wakati ule: Beijing bado inaitwa Peking, na Moscow ni ya Umoja wa Kisovieti. Ilibidi nisimame kueleza nchi isiyokuwepo tena, na maelezo yakawa marefu kuliko kesi. Katika miji 30, ya Afrika ni minne tu: Cairo, Bamako, Kigali na Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwani Ngazija. Nairobi hakuna, Dar es Salaam hakuna.

Lakini Moroni! Sisi Unguja tuna majirani Wangazija tangu enzi za mababu, na mtoto hakuwahi kufikiri kwamba kwao ni mahali penye bendera na fedha yake. Dokezo lilitaja faranga. Mimi nikakimbilia Paris, kama kawaida yetu watu wazima. Yeye akanishika mkono, akasema faranga hata Kigali wanayo, hata Moroni wanayo, tutazame kwanza dokezo la bendera. Alikuwa sahihi, na kesho yake alikwenda kwa bibi jirani kumuuliza noti za Ngazija zikoje.

Gemu jipya la mwaka 2025 limegeuza ubao, wewe ndiye Carmen. Linapendeza, ila mimi narudi kwenye hili. Carmen wa zamani bado hatujamtia mbaroni. Hati yake iko tayari nyuma ya daftari la jiografia, kwa mwandiko wa penseli: mwanamke, tenisi, nywele za kahawia, vito, gari la wazi.