Matone ya terpeni kwenye mchaichai wangu: uzoefu wa kichupa kutoka Toronto

Kichupa chenyewe cha terpeni, yaani mafuta yanayoipa mimea harufu yake, hakifiki kidole gumba changu. Mililita 5. Mtoto wa kaka yangu alikuja nacho Desemba, amekizungushia soksi mbili na mfuko wa nailoni, na bado mashati yake yote yalinuka maganda ya machungwa. Kizibo kilivuja angani. Hilo ni kosa la kwanza la bidhaa hii na nalitaja mapema kwa sababu bei yake ni dola 20 za Kanada, na sehemu ya dola hizo iliishia kwenye soksi.

"Waya, usishtuke," akaniambia (kwetu Wajaluo shangazi ni waya), "humu hamna bangi."

Nilishtuka kidogo hata hivyo. Lebo ina picha ya jani la bangi, na hapa Kisumu sheria ya dawa za kulevya ya 1994 haina mzaha na mtu anayekamatwa hata na msokoto mmoja. Lakini alisema kweli. Huko kwao bangi ni halali tangu Oktoba 17, 2018, naye ameajiriwa kwenye duka lenye leseni. Wanauza maua makavu na misokoto iliyosokotwa tayari kiwandani, na ni hiyo misokoto inayosumbua. Ua likishasagwa, harufu yake hutoroka upesi, kama vile iliki iliyotwangwa isivyofanana na iliki ndani ya ganda. Basi wengine huirudishia harufu kwa matone.

Harufu hiyo ndiyo terpeni, na bangi haina hakimiliki nayo. Limonini imejaa kwenye maganda ya machungwa, pineni kwenye msonobari, linaloli kwenye rehani, karofileni kwenye pilipili manga na karafuu. Lebo yangu inasema kila kilichomo kimetolewa kwenye mimea mingine. Kimechanganywa tu kifanane na aina fulani ya bangi yenye harufu ya ndimu.

Mimi nauza mchaichai na rehani zilizokaushwa, pakiti za gramu 50, Jumapili pale sokoni Kibuye na siku nyingine nyumbani. Mchaichai ukitoka kuanikwa unanukia hadi kwa jirani. Mwezi wa tatu ukifika, na joto letu hili, pakiti inanuka nyasi za kuezekea. Nikasema, kama matone yanafufua msokoto, yatashindwaje na mchaichai?

Mara ya kwanza niliharibu. Maelekezo yalisema asilimia moja ya uzito au chini, nami nikasoma "moja" nikaruka "au chini". Kwa gramu 200 za majani hiyo ni gramu 2, karibu nusu ya kichupa. Nikanyunyiza kwa sindano ya duka la dawa isiyo na ncha, nikakoroga kwa mkono. Majani ya chini yakalowa, ya juu hayakuguswa. Kwenye kikombe kukaelea utando wa mafuta unaometameta, ulimi ukawaka. Mume wangu alipiga funda moja akauliza kama nimesuuza kikombe baada ya kukiosha. Kwa kweli ilinuka sabuni ya kudekia, na si ajabu, maana limonini hutiwa pia kwenye sabuni hizo.

Siku hiyohiyo nikaiweka ile sindano juu ya kibebeo cheupe cha foamu tulicholetewa samaki kutoka Dunga. Nikageuka kuzima jiko. Niliporudi foamu ilikuwa imebonyea, kisha ikatoboka, kingo zinanata kama ubani uliotafunwa. Limonini huyeyusha plastiki ya namna hiyo. Tangu hapo kila kitu ni kioo, na sindano naifuta mara moja kabla mpira wake haujavimba.

Nikampigia simu kijana. Akacheka sana. "Waya, usilimwagie jani. Nukisha hewa, jani litajichukulia." Wao hudondoshea karatasi, wakaibandika chini ya kifuniko cha chupa ya kioo isiguse maua, wakafunga siku nzima. Nikachukua chupa kubwa ya lita 3, gramu 200 nyingine za mchaichai, pamba kidogo yenye matone manne tu. Nikaiweka chini ya kitanda, mahali penye ubaridi na giza, nikawa naigeuzageuza asubuhi na jioni.

Siku ya pili jioni nilipofungua, chungwa lilitangulia, halafu nyuma yake mchaichai wenyewe ukajitokeza, ule wa shambani, si ule wa pakiti. Hapo nikakipa kichupa heshima yake. Maji yakitoka kuchemka tu, harufu inapaa na mvuke. Usipofunika kikombe kwa kisosi dakika tatu hivi, umenusia jirani chai na wewe umebaki na rangi. Kwenye pakiti za karatasi harufu ilidumu wiki tatu. Ndani ya kioo kilichofungwa vizuri, wiki ya sita bado ipo.

Vijana wa bodaboda wa stendi yetu walisikia habari, wakaja kuomba tone moja la kutia kwenye mambo yao. Niliwakatalia, na si kwa kuogopa polisi tu. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State huko Marekani walionyesha mwaka 2017 kwamba terpeni zikipata joto kali, kama lile la kuvutia mafuta mazito ya bangi, hutoa kemikali mbaya, benzini ikiwamo. Chai haifiki huko. Mapafu ya mtu mimi siyashiki dhamana.

Malalamiko mengine: lebo inataja terpeni tano lakini haisemi kila moja ni kiasi gani. Mtu anayeuza kitu cha kunywewa anataka kujua. Pia kikishafunguliwa kinachakaa. Limonini na linaloli zikikaa na hewa hubadilika na kuanza kuwasha ngozi. Vidole vyangu viwili vilinifundisha hilo mwezi wa pili, sasa kinakaa kwenye friji nyuma ya maziwa.

Lakini lililonikosesha raha ni jingine. Nilijaribu njia ileile kwa mchaichai wa mwaka jana, ule niliokuwa nifanye mbolea. Wateja wawili wakausifu kuliko mpya. Mmoja alirudi na dada yake. Nilipokea pesa zao, nikarudi nyumbani nikiwa na haya. Kijana ananiambia hata huko kuna wateja wanaonung'unika hivyohivyo: unafungua chupa, unanusa, hujui kinachokusalimu ni ua au ni kiwanda. Mchaichai ule mzee nikaupeleka kwenye mbolea kweli, na pakiti zilizonukishwa sasa naziandika kwa kalamu: imeongezwa harufu ya chungwa. Mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi alisoma, akairudisha mezani. "Mama, nipe ile ambayo haijaongezwa." Nikampa.

Je, nitanunua tena? Kwa bei ile, hapana. Nimeanza kukausha maganda ya machungwa ninayookota bure kwa wauza matunda Kibuye, nayachanganya na majani kwenye chupa ya kioo. Yanachukua wiki nzima kufanya kazi ya siku mbili na harufu yake ni ya upole zaidi, ila hakuna anayewashwa vidole. Kijana anarudi Aprili, kaniuliza aniletee kichupa kingine. Nimemwambia alete zile chupa zao za kioo zenye kifuniko kinachobana, sita, na azifunge kwa soksi zake hizohizo.