Uzoefu wangu na breki za Tektro R539 kwenye Raleigh ya zamani: pima kwanza ndo utoe hela

Wakuu, hizi breki nimezitumia tangu lile jua kali la mwanzo wa mwaka, nikapita nazo masika yote na mpaka leo ziko kwenye baiskeli. Ni breki nzuri sana na ningezinunua tena. Ila haziingii kwenye kila fremu, na hapo ndo watu wengi wanapotupa hela, kwa hiyo nitaongelea sana hilo la kuingia kuliko sifa.

Baiskeli ni Raleigh ya mbio, chuma tupu, usukani ule wa kupinda, ilikuja na mtumba toka Uingereza. Fremu haina ufa wala haijapinda. Kilichokuwa kimechoka ni breki, zilikuwa Weinmann za zamani zile zinazozunguka kwenye bolti moja ya katikati, springi zimeliwa na kutu (na hapa Dar ukikaa karibu na bahari kutu haikuachi), afu ringi zilikuwa za chuma zenye kromu, inchi 27. Ringi ya kromu ikilowa maji ni hatari jamani, unabana breki na baiskeli inaendelea kwenda, kwa hiyo niliamua ringi za alumini kabla hata sijafikiria breki. Na hili ndo la kwanza: amua ringi kwanza, breki baadae, maana ringi ndo inaamua breki gani itafika.

Tairi za 27 nilizunguka Kariakoo sikuziona, kila duka wananiambia "28 zipo". Sasa hapa naomba muelewe vizuri maana inachanganya watu. Ile 28 ya Phoenix na zile baiskeli kubwa za kubebea mizigo ni 28 x 1½, ukisoma pembeni ya tairi utakuta namba 635, hiyo ni kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa. Za mbio za siku hizi, 700C, ni 622, japo nazo kuna watu wanaziita 28. Na 27 yangu ya zamani ilikuwa 630. Hizo tatu haziingiliani kabisa, tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine, kwa hiyo usinunue kwa kusikia neno 28, soma hiyo namba ya tarakimu tatu. Mi nikachukua 700C.

Kutoka 630 kwenda 622 kipenyo kinapungua milimita 8, maana yake kila upande ringi inasogea mbali na breki milimita 4. Zinaonekana ndogo ila ndo zinazoamua kila kitu. Breki ina kipimo cha urefu wa mkono, unapima toka katikati ya tundu la bolti kwenye fremu kushuka mpaka katikati ya sehemu ya ringi inapobanwa na raba. Breki nyingi za baiskeli za mbio za kisasa zinafika milimita 39 mpaka 49 tu, hizo ndo utaziona zimejaa kwenye maduka na zinapendeza kweli, ila kwenye fremu ya zamani raba zinaishia juu zinabana tairi badala ya ringi. Raba ikigusa tairi inalikata taratibu ubavuni mpaka linapasuka, na raba ikikaa chini sana inaweza kuchomoka chini ya ringi ikaingia kwenye spoku ukiwa kwenye mwendo, sihitaji kueleza kitakachofuata.

Nilipofunga ringi mpya nikachukua rula, mbele nikapata 50, nyuma 55. Pima zote mbili wakuu, mbele na nyuma hazilingani kwenye fremu nyingi za zamani, na pima ringi ikiwa imekaa pale itakapokaa siku zote. Kwa vipimo hivyo zile za 39-49 hazikunifaa hata moja, na R539 zinafika 47 mpaka 57, zote mbili zimo ndani. Ndo sababu nilizichagua, sio jina wala muonekano. Zimetengenezwa na kampuni ya Taiwan, zilinitoka laki mbili na kitu pamoja na usafiri, sio rahisi, lakini breki sio mahali pa kubania.

La pili ni bolti. Fremu za zamani tundu ni la milimita 6 tupu, breki inafungwa na nati ya kawaida kwa nyuma. Breki za kisasa zinakuja na nati ndefu ya bomba inayozama ndani ya fremu, inafungwa kwa alenki, na hiyo inataka tundu la milimita 8. Nikampelekea fundi mmoja mzee Buguruni ambae Raleigh amezishika toka ujana wake, nikamwambia mzee naomba tutoboe nyuma ya foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) tu, mbele tuache kama ilivyo. Akaniangalia akasema "mwanangu hapo umesema, ukitanua pote bolti itacheza." Basi tukatanua tundu la upande wa nyuma wa foku peke yake, nati ikazama vizuri, bolti imebanwa na tundu lake la asili kwa mbele. Kazi ya muda mfupi ila drili ishikwe na mtu mwenye mkono uliotulia, na kama foku ni ya bati jembamba muulize fundi kwanza.

Nyuma sikutoboa kabisa. Kile kichuma cha kuunganisha mabomba mawili ya nyuma ya fremu kina nafasi ndogo, drili haipati pa kupita vizuri kwa sababu ya bomba la kiti. Njia rahisi ni hii: breki ya mbele inakuja na bolti ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mi niliagiza breki mbili zote za mbele, moja nikaiweka nyuma na nati ya kawaida na washa iliyokunjwa ili ilale sawa kwenye bomba la duara. Imekaa imara na fremu haijaguswa. Ukinunua seti ya mbele na nyuma, bolti ya ile ya nyuma itakuwa fupi na utaanza kuhangaika.

Mikono ya breki, ile unayobana kwenye usukani, nayo iangalieni. Breki hizi zinataka mkono unaovuta waya kidogo. V-breki, zile ndefu za baiskeli za maunteni (za milimani), zinataka unaovuta karibu mara mbili, na ukichanganya haifanyi kazi, mkono wa V-breki kwenye breki hizi unakuwa mgumu kama ubao na baiskeli haisimami. Mi nilichukua Tektro RL340. Kuna RL520 ambayo kwa macho zinafanana sana ila ile ni ya V-breki, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hizi hizi tu kaka" soma namba mwenyewe. Na waya, nyingi nilizoona mtaani zina kichwa cha maunteni kile cha duara kama kipipa, mikono ya mbio inataka kichwa kidogo chenye umbo la peasi. Kuna waya zina vichwa vyote viwili, unakata usichotaka.

Sasa zinasimamaje? Zina maegemeo mawili (mikono yake inazunguka kwenye sehemu mbili, sio bolti moja ya katikati) kwa hiyo unabana kwa nguvu ndogo na baiskeli inatii. Nazitegemea nikishuka Kimara kuja Ubungo, pale unakuja kwa kasi na daladala inaingia kituoni mbele yako bila kuwasha taa, vidole viwili vinatosha. Mbele nguvu yake naipenda sana. Nyuma ni laini kidogo, na hiyo inaeleweka, raba iko karibu mwisho kabisa wa nafasi yake na breki ikiwa ndefu nguvu ya kubana inapungua, afu waya nao ni mrefu. Kwa breki ya nyuma sioni tatizo.

Raba zilizokuja nazo ziko sawa kwenye kavu. Mvua zilivyoanza nikaweka Kool-Stop zile za rangi ya samoni, shemeji alikuja nazo toka nje, na tofauti kwenye maji niliisikia siku hiyohiyo. Mwanzoni ya mbele ilikuwa inapiga kelele, nikainamisha raba kidogo ili ncha ya mbele iguse ringi kwanza kama milimita moja hivi, ikanyamaza. Kuiweka katikati ni skrubu ndogo ya pembeni, hamna kuipigapiga na nyundo kama tulivyokuwa tunafanya na zile za zamani. Kuna na kile kimkono kidogo cha kufungua breki ukitaka kutoa tairi, ukishamaliza hakikisha umekirudisha kabla ya kupanda.

Kutu: hapa sijaridhika sana. Napita daraja la Kigamboni mara kwa mara na bolti ndogo zimeanza kuwa nyekundu, mikono ya breki yenyewe inayobana ringi haina kitu. Nazifuta na kitambaa chenye oili kidogo, bila kugusa raba wala ringi.

Kwa wale ambao nyuma ukipima inapita 57, hizi usinunue, hazitafika hata ufanyeje. Kampuni hiyohiyo wana R559 zinazofika 55 mpaka 73. Na kama vipimo vyako vyote viko chini ya 47, chukua hizo fupi za kawaida, zinabana zaidi na ziko nyingi.