Wastani wa shule ulikuwa 36. Binti yangu naye alipata 36, na nafasi ikampita

Shule niliichagua kwa bango, nakiri. Lilikuwa ukutani pale mapokezi: wastani wa diploma ya IB, ile programu ya kimataifa ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, alama 36 kati ya 45, na chini yake nembo za vyuo vikuu zimepangwa kama vigae. Wastani wa dunia huwa karibu na 30, kwa hiyo 36 ikanilainisha. Nikajaza fomu siku ileile.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: 36 ya watoto wangapi? Mwaka wa pili, kwenye kikao cha wazazi, ndipo nikasikia kwamba waliofanya diploma nzima mwaka ule wa bango walikuwa 14. Wenzao waliokuwa wakisuasua walishauriwa mapema wachukue vyeti vya somo mojamoja, na hao hawahesabiwi kwenye wastani wa diploma. Sisemi ni hila. Kuna mtoto anayefaa kabisa na njia hiyo. Ila mimi niliyesimama pale mapokezi nilidhani naona darasa zima.

Nembo nazo zina hesabu yake. Mwanafunzi anayeomba Uingereza kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya huko, anaweza kuchagua vyuo vitano. Akikubaliwa kote, tayari ni nembo tano, na mtoto ni yuleyule mmoja mwenye begi moja. Uliza walioenda kusoma kweli, wangapi na wapi. Orodha ya ofa iache ukutani.

Upande wa ufundishaji sina lawama kubwa, na mzigo wenyewe si mchezo. Masomo sita, matatu ya ngazi ya juu yenye saa 240 kila moja, matatu ya kawaida yenye saa 150. Kila somo lina alama 7, jumla 42. Tatu zilizobaki zinatoka kwenye nadharia ya maarifa na insha ndefu ya maneno 4,000. Halafu kuna CAS, yaani sanaa, michezo na kujitolea, ambayo haina alama hata moja lakini usipoikamilisha diploma huioni.

Insha ya binti yangu ilihusu kutu. Kwa wiki kadhaa dirisha la chumba chake lilijaa vikopo vyenye misumari kwenye maji ya chumvi, kila kikopo na kikaratasi chake, na ole wako ukisogeza pazia. Msimamizi wake anaruhusiwa kutoa maoni kwenye rasimu moja tu iliyokamilika, na yule mwalimu aliitumia nafasi hiyo vilivyo: rasimu ilirudi na maswali pembeni mwa kila ukurasa, bila jibu hata moja. Kwa hilo ninamshukuru mpaka leo.

Tulipoumia ni kwenye makadirio. Chuo hutoa ofa ya masharti kwa kuangalia alama ambazo shule inatabiri. Shule ilimkadiria 38, na Kemia ya ngazi ya juu wakampa 6, ilhali mitihani ya majaribio yote miwili alikuwa amepata 5. Nilipouliza, nikajibiwa, "Tumempa moyo, mama." Chuo alichokitaka kikasema: leta 36, ndani yake Kemia iwe 6.

Matokeo ya mitihani ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai. Aliingiza namba yake ya siri huku mimi nimesimama nyuma ya kiti, nikaona 36, nikapiga kigelegele. Yeye hakugeuka. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa Kemia. "Mama, ni tano."

Mtu anaweza kuomba karatasi isahihishwe upya, lakini ombi hupitia shuleni, na alama inaweza kushuka pia. Sasa shule ilikuwa imefungwa, mratibu wa diploma yuko likizo, simu haipatikani. Tulimpata siku ya tatu. Jibu liliporudi, Kemia ilibaki 5. Alikwenda chuo chake cha akiba, kilichotaka 34, na anakipenda kuliko nilivyotarajia.

Kwa walimu ninaipa shule hii nyota nne kati ya tano. Kwa bango na Julai ninaipa mbili.

Mdogo wake anaanza diploma hapohapo mwaka ujao. Safari hii nimeomba makadirio ya miaka mitatu yawekwe sambamba na matokeo halisi, somo kwa somo, na wamenionyesha bila kinyongo. Kemia ndiyo inayotabiriwa juu zaidi kuliko inavyotoka. Nikaomba pia namba ya mratibu inayopatikana Julai. Alicheka, kisha akaniandikia nyuma ya kadi yake.