Nairobi ipi: "Tafsiri Hii" au "Nairobi"?

Ukitaka kumwonjesha mgeni jiji la Nairobi kwa wimbo mmoja, utaanza na upi?

"Tafsiri Hii" ya kundi la rap la Kalamashaka ni ya miaka ya 1990 na imetoka Dandora, mtaa wa Eastlands ulio jirani na jaa kuu la taka la jiji. Vijana watatu wanarap kwa Sheng: umaskini, uhalifu, maisha ya ghetto. Hawajaribu kusikika kama Wamarekani. Wanaongea vile vijana wa mtaa wanavyoongea wakiwa wamesimama kwenye kona.

Mwimbaji Bensoul alitoa "Nairobi" mwaka 2021 akiwa na wasanii wenzake Sauti Sol, Nviiri na Mejja. Hapa shida si njaa, ni mapenzi: mpenzi wako ana mwingine, huyo naye ana wake, mpaka mji mzima unakuwa ukoo mmoja. Unacheka, halafu unaanza kuwafikiria watu unaowajua. Kwa kuchezeka, huu unashinda bila mjadala.

Mimi ningeanza na Kalamashaka. Ukibadilisha jina kwenye wimbo wa Bensoul ukaweka Kampala au Dar, haupungukiwi sana. "Tafsiri Hii" haihamishiki kutoka Dandora. Ila harusini usipige wowote, hasa wa Bensoul.