Skima inafanya kazi vizuri, ila aliyeiunda hajawahi kuiosha

Skima hii, yaani mashine ya kutoa uchafu wa tangi la samaki kwa povu, ninayo mwezi wa kumi na nne sasa, kwenye tangi la maji chumvi la lita 250 lenye samaki watano na matumbawe laini machache. Jina la kampuni naliacha, maana nyingi za umbo hili ni ndugu wa tumbo moja. Ninayoyasema hapa ni ya mtu anayeifungua kila wiki, si ya aliyeitoa kwenye boksi jana.

Kwa kutoa povu sina ugomvi nayo. Pampu inavuta hewa kwa mpira mwembamba, rafadha yenye vijiti kama sindano inaikatakata hewa hiyo hadi maji yanakuwa meupe kama maziwa, na uchafu wenye mafuta na protini unanata kwenye viputo na kupanda navyo shingoni mpaka kikombeni. Unatoka majini kabla haujaoza ukazaa amonia na mwishowe naitreti. Sifongo la kuchujia maji haliwezi hilo. Sifongo linakamata tu, na usipolifua, uchafu unaozea humo humo. Asubuhi nakuta kikombeni kitu cheusi chenye uvundo wa mwani uliooza, na mke wangu ameshatoa amri kisimwagwe kwenye sinki la jikoni. Sina hoja.

Shida inaanza ukitaka kuiosha. Utando wa mafuta ukishajipaka ndani ya shingo, povu linapanda nusu, linapasuka, linarudi. Kwa hiyo shingo inataka kufutwa kila siku mbili tatu, na ya skima hii ni nyembamba kiasi kwamba mkono haupiti. Nimefunga kitambaa kwenye mpini wa mwiko. Kikombe nacho kinafungwa kwa kuzungushwa, na matone ya chumvi yakikaukia kwenye pete yake kinagoma. Siku moja nilivuta nikidhani nimetoa kikombe, kumbe nimeinua mashine nzima na maji yake, nimeining'iniza juu ya zulia. Tangu hapo namwagia pete maji ya uvuguvugu kwanza, nasubiri dakika mbili, ndipo nazungusha.

Kosa langu kubwa nikiri mapema: mwezi wa pili niliosha kikombe kwa sabuni ya vyombo. Nilisuuza, nikaona kimetakata, nikalala. Sabuni kidogo tu iliyobaki ilifanya povu lifurike usiku kucha, na kwa kuwa nilikuwa nimeunganisha mpira wa kumwagia kutoka kikombeni hadi kwenye ndoo, maji chumvi yalitoka tangini moja kwa moja. Kifaa kinachoongeza maji chenyewe tangi likipungua kikawa kinafidia pengo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kama kilivyofundishwa. Asubuhi kipimo cha chumvi kilichokuwa 1.025 kilisoma 1.021. Samaki walipona, matumbawe yalijikunyata siku nne. Nilirudisha chumvi polepole, na sabuni haijagusa tena chombo chochote cha tangi. Maji ya moto na mswaki wa zamani vinatosha.

Mpira wa hewa nao una mdomo unaoziba chumvi, na dalili yake inasikika kabla haijaonekana: ule mlio wa kunyonya unakuwa mwembamba, halafu unakatika. Najaza kikombe cha chai maji ya moto, nachovya ncha ya mpira pampu ikiwa inazunguka, inafyonza mafunda mawili na sauti inarudi. Mwongozo hausemi neno juu ya hili.

Pampu naitoa kila baada ya miezi mitatu. Kalisiamu ya maji chumvi inapenda kuganda palipo na joto, na mota ina joto. Ukiifungua unakuta sumaku ya rafadha imevaa ganda jeupe, gumu, na vijiti vimenenepa kama vimepakwa chokaa. Naiweka kwenye bakuli la siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Inaanza kuchemka vipovu vidogo hapo hapo, na baada ya saa moja ganda linatoka kwa kidole. Nasuuza, narudisha, na povu linaweza kuchukua hata siku nzima kukaa sawa. Ukianza kuhangaika na marekebisho siku hiyo utajisumbua bure.

Hapo kwenye kurudisha ndipo skima hii iliponipotezea nyota. Rafadha inazungukia mhimili wa kauri mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, na mfuniko wa pampu ni mgumu hata unalazimika kuukandamiza. Mara ya nne nilisikia "tik": mhimili umevunjika. Nikaagiza kifurushi cha vipuri kutoka kwa watengenezaji wenyewe, nikingoja wiki tatu huku nikibadilisha maji kila baada ya siku mbili.

Nyota tatu kati ya tano. Kifurushi kilifika na rafadha mpya, sumaku mpya na oringi (pete za mpira za kuzuia maji) mbili. Mhimili hauuzwi peke yake, wala haumo.