Kilwa Kisiwani: "Kule ni mawe tu, mzee"

Naanza na kijana aliyetutembeza, maana nikianza na magofu ya mji huu wa kale wa pwani ya kusini mwa Tanzania nitapoa, na sitaki kupoa.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Kafundisha historia sekondari huko Singida miaka nenda rudi, akiwachorea wanafunzi Msikiti Mkuu wa Kilwa ubaoni bila kuwahi kuuona kwa macho yake. Mwaka jana, au ni juzi ile, vuli haijaanza, ndugu tukachanga nikampeleka. Tukalala Kilwa Masoko, asubuhi tukakata kibali, tukapewa mwongozaji, tukapanda boti. Mpaka hapo sina neno.

Kijana hakumpa Mzee hata shikamoo. Mtu wa miaka sabini na kitu amesimama mbele yako, kofia mkononi, na wewe unachati! Tukashuka pale Gereza. "Hii ngome ya Wareno, haya twende." Mzee akasema taratibu kwamba Wareno waliuteka mji 1505 wakajenga ngome, ila hii iliyosimama leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Kijana akamtazama kama abiria aliyedai chenji. "Kumbe unajua. Sasa mimi nieleze nini?" Na kweli, toka hapo hakueleza kitu.

Msikitini Mzee akavua viatu mlangoni. Kijana akacheka: "Vaa tu mzee, hapa hapaswaliwi siku hizi." Mzee hakuvaa. Akaingia peku, akaweka kiganja kwenye nguzo pale chokaa ilipobanduka, akaniita nione. Jiwe lote limejaa vijitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Ni matumbawe, yametoka baharini. Akanionyesha upande wa kaskazini, ule mkongwe wa karne ya 11, kisha akanipeleka chini ya kuba zilizoongezwa karne ya 14. Ananong'ona muda wote, kama kuna watu wanaswali.

Sasa tukataka kwenda Husuni Kubwa, ile kasri iliyoko juu ya genge la mwamba. "Mbali, jua kali, maji yatakupwa boti ikwame. Na kule ni mawe tu, mzee." Mawe tu! Kwani tulifuata mabati? Haikupita robo saa ikatia nanga boti ya wazungu, na kijana akawa mtu mwingine kabisa. Kiingereza, tabasamu, simu imeingia mfukoni, na Husuni Kubwa ghafla imekuwa karibu. Akaondoka nao. Sisi tuliolipa akatuacha chini ya mbuyu.

Aliyetuokoa ni nahodha, mwenyeji wa kisiwani. Hakujigamba kwamba anajua historia. Alimshika Mzee mkono tu, "twende babu, tutafika," tukaenda mdogo mdogo, tukipumzika kila penye kivuli. Na jamani, tulifika. Kuna birika la pembe nane pale, limechongwa kwa mawe, linatazama bahari. Mzee akakaa ukingoni asiseme neno muda mrefu. Hapo nilitaka kutoa nyota tano na kijana nimsamehe.

Mzee alipopata sauti akanisimulia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeijenga kasri hiyo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alimkuta Kilwa mwaka 1331, watu wakimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Siku moja ametoka kuswali Ijumaa, fukara mmoja wa Yemeni akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaenda akavua, akampa.

Tunarudi kwenye boti, nani anatungoja? Kijana. "Mzee, ya soda basi."

Nikafungua mdomo nimwage yote, Mzee keshatoa elfu tano. Elfu tano! Kijana akaishika, akasema "karibuni tena", shikamoo bado hana. Boti ilipoondoka nikamuuliza Mzee amempa ya nini.

"Kwani Sultani alimuuliza yule Myemeni kama kamwamkia?"

Mimi si Sultani. Nyota mbili. Basi tatu, ila hiyo ya tatu ni ya nahodha, akabidhiwe mwenyewe mkononi.